Mtia Chumvi na Mboga Zake za Pwani

Kwetu mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi chunguni. Atachota maji, atakuna nazi, atapuliza moto mpaka macho yamuwashe, lakini chumvi itatiwa na mkono mwingine: wa mtoto ambaye hajavunja ungo, au wa mwanamke ambaye hedhi imeshamkoma. Wanasema ukikaidi, mume atashikwa na kifua, akohoe mpaka umzike. Mimi sijui kama ni kweli. Sikutaka kumjaribia mume wangu, ingawa ziko siku alinitia katika majaribu.

Mtaani kwetu mkono huo ulikuwa wa bibi mmoja, jirani yangu, ua wa makuti tu kati yake na mimi. Jina lake nalijua, ila sikumbuki mtu aliyemwita kwalo. Tulimwita Mtia Chumvi, na yeye akaitika. Jioni ungesikia "Bibi, njoo unitilie!" kutoka nyumba hii, na kabla hajafika anaitwa na nyumba ile. Alikuja polepole, kapulana moja kiunoni na nyingine kifuani, akasimama juu ya chungu akaangalia mvuke. Hakuonja hata siku moja. Alichota kwa vidole vitatu, akatupia, akakoroga mara moja, akaenda zake. Na chakula kilikuwa sawasawa. Mimi nimepika maisha yangu yote, na mpaka leo lazima nionje mara mbili.

Kazi hiyo ilimpa habari za kila nyumba. Ukipitisha miezi miwili hujamwita, ameshajua una mimba, kabla ya mumeo, pengine kabla yako mwenyewe. Mimi alinijia asubuhi nikifagia, akasimama uani akicheka bila sauti.

"Hongera, mwanangu."

"Ya nini, bibi?"

"Aa, fagia tu."

Wiki ile ile nikaanza kutapika. Mimba hiyo haikukaa, wala nyingine haikuja baada yake, na ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto siku saba bila kuniuliza swali. Hakumwambia mtu. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu kwa mambo mengine alikuwa na mdomo, mama wee! Alimsema shefi wa mtaa kwa kutembea kifua mbele, alimsema imamu kwa kurefusha hotuba watu wana njaa, alinisema mimi kwa kuchekacheka ovyo. "Nyie Wamakonde wa juu mnacheka kabla ya kusikia mwisho wa maneno," aliniambia. Nami nilimjibu kwamba watu wa pwani maneno yao hayana mwisho, tutasubiri mpaka lini? Hapo alicheka yeye.

Alikuwa mtu wa kinyumenyume. Yeye aliyekolezea watu vyungu, chakula chake mwenyewe alikila chapwa. Nilimuuliza kwa nini. "Chumvi ni ya watu wanaokula wakizungumza," alisema, "mimi nakula na nani?" Alisema hivyo akitafuna, bila kunitazama, kisha akahamia kwenye habari za bata wake. Alikuwa amefiwa na mume zamani na watoto wake walikuwa wamevuka Rovuma, wamejenga Mtwara. Ameishi pwani siku zote, na bahari aliiogopa. Hakuingia zaidi ya kifundo cha mguu. Na alikuwa bahili. Ndimu moja ya mti wake ungeiomba mpaka ukachoka, ukaenda kuinunua. Lakini ukiugua anakuletea kikapu kizima, anakiweka mlangoni na kuondoka kabla hujasema ahsante.

Mambo yalipoharibika, vita vikatufikia, tulikimbia sote. Wengine walivuka mto, sisi wengine tulikwenda kusini tukaishia kambini, kwenye mahema, mahali ambapo jirani yako leo ni mtu ambaye jana hukumjua. Huko bibi alikonda. Si kwa njaa, mgao tulipata. Nilimwona jioni amekaa mlangoni pa hema, mikono mapajani, akisikiliza vyungu vya watu vikichemka, na hakuna aliyemwita. Nilikuwa namwita mimi, hata siku ambazo sikuwa na haja. Alijua. Alikuja, akaangalia mvuke, akasema, "Wewe mwongo," akatia.

Alikuwa wa kwanza kurudi kijijini. Nilijaribu kumzuia.

"Unarudi kwa nani, bibi? Kijiji hakina mtu."

"Nitakuwapo mimi."

Akaenda. Alikaa peke yake karibu mwaka mzima, yeye na ndege. Tuliporudi tukakuta majiko yetu yana majivu mapya. Alikuwa akizunguka, leo nyumba hii, kesho ile, anawasha moto, anakaa kidogo, anauzima, anahamia jiko jingine. Kwangu aliukuta mkeka, akaukung'uta, akautandika kwake usiliwe na mchwa. Nilipomuuliza alichokuwa akifanya katika majiko ya watu, alisema, "Nilikuwa natembelea." Nililia siku hiyo. Yeye alinitazama akaniambia niache, nitamtisha bata.

Sasa nifike kwenye bonde, maana huko ndiko kulikokuwa na shida.

Nyuma ya kijiji tulikuwa na bonde la mpunga. Kati yake na mikoko kulikuwa na tuta refu la udongo ambalo wanaume walilitengeneza kila mwaka ili bahari isiingie. Tulipokuwa kambini hakuna aliyelitengeneza. Maji ya bamvua yalilivunja, yakaingia, yakatoka, yakaingia tena. Tuliporudi bonde lilikuwa jeupe. Tulipanda mpunga mara ya kwanza ukaungua. Tukapanda mara ya pili, ukatoka vidole viwili ukaungua. Basi watu wakaanza maneno ya kuhama: huyu anataka Palma mjini, yule ana shemeji Nangade, mwingine anarudi kambini akangoje mgao. Kila aliyesema hivyo, bibi alikwenda kukaa kwake jioni hiyo, hata kama hawaelewani.

Ndipo alipoanza habari ya mboga ya pwani. Ni jani linaloota lenyewe kando ya mikoko: shina jekundu linatambaa, majani manene yamejaa maji, ua dogo la rangi ya zambarau. Mbuzi wanalila. Wazee walilila zamani mwaka wa njaa, na ndiyo sababu lilikuwa na aibu. Ukionekana unalichuma, watu watajua nyumbani hamna kitu. Bibi alikata mashina ya urefu wa shibiri, akayachomeka bondeni kwenye chumvi ile ile iliyoua mpunga. Yakashika.

Yeye aliyeiogopa bahari sasa aliipangia zamu. Bamvua ikija alifungua kidogo pale tuta lilipovunjika, maji yaingie kiasi, kisha akaziba kwa magunia ya mchanga. Maji yakikaa sana shina linaoza. Yakikosekana kabisa, chumvi inapanda juu ya udongo ikawa ukoko na kuunguza machipukizi, kwa hiyo aliukwangua ukoko huo kwa kifuu, akiwa amepiga magoti, kitalu hadi kitalu. Alivuna ncha tu, shina likachipua tena. Ndani ya miezi michache sehemu yake ya bonde ilikuwa kijani, na kwingine kote kweupe. Nilisimama juu ya tuta nikaona aibu kidogo, mimi mwenye magoti mazima.

Tekniko mmoja wa kilimo, kijana mwenye adabu, alikuja akaangalia, akachuma jani akalitafuna. Akalitaja kwa jina refu la Kireno. Bibi akamuuliza, "Likiitwa hivyo linashibisha zaidi?" Kijana akacheka, lakini akasema neno la maana: wakipatikana wanawake kumi wa kulima pamoja, ataweza kuomba msaada wa kujenga tuta upya, na kuweka mlango wa maji wa kweli. Wakiwa wachache, haiwezekani. Bibi alimsindikiza kwa macho. Usiku ule hakuzungumzia kingine. Wanawake kumi. Wakilima hawahami, na wasipohama atakuwa na watu. Aliniambia wazi, sikuhitaji kubashiri: "Mwanangu, mimi mwaka mwingine kama ule siuwezi. Nilifika mahali nikawa nawaamkia bata shikamoo."

Nikamwambia, "Mimi nimo, bibi. Niandike wa kwanza."

Alinipa kikapu, akanifundisha: chemsha, mwaga maji. Chemsha tena, mwaga tena. Kamua. Ndipo utie tui na ndimu. "Chumvi usitie. Imo tayari, bahari imeshatia."

Nikapika. Wakati huo mume wangu alikuwa amekwenda Montepuez kutafuta mawe ya thamani, na mpaka leo anayatafuta. Niliishi na wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke mzima aliyekwisha kuacha kuona siku zake. Siku hiyo mimi nilikuwa katika zangu. Nikafanya yote kama nilivyofundishwa, nikachemsha, nikamwaga, nikakamua, nikatia tui. Chakula kilipokaribia kuiva nikafanya nilivyofanya tangu nilipotoka unyagoni, bila hata kufikiri: nikageuka nikaita, "Wifi, njoo unitilie." Na wifi akaja akatia. Mkono wake, Mungu amsamehe, ni wa kupikia harusi.

Tulipoonja tulitema sote wawili. Wifi alitapika hasa, akashika tumbo, akasema tumepewa sumu. Asubuhi akaenda kisimani, na kisimani ndiko redio yetu. Ikafika saa nne kila mtu amesikia kwamba mboga ya bibi inaharibu tumbo. Mwingine akaongeza kwamba jani lenye chumvi ambayo haikutiwa na mkono wa mtu si la kuingia chunguni, nani ajuaye imetiwa na nini? Wakakubaliana.

Na mimi nilikuwapo. Hili ndilo ninalotaka kulisema, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Nilikuwapo kisimani, ndoo mkononi, na nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu usiku, wifi alipokuwa akitapika na mimi nikiangalia kopo la chumvi karibu na jiko. Kusema kweli kulihitaji niseme mbele ya wale wote kwamba nilikuwa mwezini, kwamba nilimwita mtu atie chumvi kwa ajili ya mume ambaye hayupo na labda hatakuja, na kwamba mpumbavu ni mimi. Walikuwapo wanawake wawili walionicheka siku zote kwa ajili ya mume huyo. Nikajaza ndoo, nikajitwika, nikarudi nyumbani.

Wanawake kumi hawakupatikana. Bibi alipita nyumba kwa nyumba, akaacha vifungu vya mboga milangoni, na jioni ungeona mbuzi wanavila. Hakumlaumu mtu. Aliendelea kukwangua ukoko wake. Nilikwenda kumsaidia mara kwa mara, kwa vile roho ilinisuta, na nilikwangua kwa nguvu sana, naye aliniambia, "Taratibu, ardhi haijakukosea." Watu walianza kuhama, familia moja, kisha nyingine. Kila mara alikwenda kuwaaga akarudi bondeni moja kwa moja. Wifi akarudi kwao. Mwishowe upande wetu tukabaki mimi na yeye, na kaka yangu akaniletea salamu kutoka Mueda: njoo, huku muhogo upo, hapo unangoja nini?

Nilimfuata bondeni. Nilikuwa nimepanga kusema nakwenda kusalimia, wiki mbili, narudi. Nilipomwona amepiga magoti yakanitoka mengine.

"Bibi, ile mboga haikuwa na sumu. Niliita mtu akatia chumvi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Wifi yako aliniambia mwenyewe ametia. Aliona ni sehemu ya kujisifu, kwamba hata chumvi haikuondoa ile sumu." Akaendelea kukwangua. "Nilisubiri useme."

"Nimesema sasa."

"Sasa nimesikia mimi tu. Si mimi niliyehitaji kusikia."

Nilimwambia nakwenda Mueda. Alifuta kifuu kwenye kapulana, akakitazama pande zote mbili, akasema niende salama, nimsalimie kaka. Niliondoka amenipa mgongo, anafanya kazi yake.

Mueda nilikaa msimu mzima wa mvua na zaidi. Kaka alinitunza, wake zake walinivumilia. Lakini huko juu sikuzoea tena. Usiku nilisikia bata ambao hawakuwapo. Nilimwona bibi akizunguka majiko matupu, na kila jiko alilofika katika ndoto ile lilikuwa langu. Muhogo ulipovunwa nikamwambia kaka narudi nyumbani, nitalima bondeni na bibi hata tukiwa wawili tu. Nikanunua jembe jipya. Nilishuka njia panda na jembe begani na mfuko kichwani, nikatembea karibu nikikimbia.

Jikoni kwangu kulikuwa na moto. Nilifikiri ni yeye. Nikaingia uani, nikakuta mwanamke nisiyemjua anatwanga kwenye kinu changu, mwingine ananyonyesha, na mwanamume anashona paa, juu kabisa, na kamba mdomoni. Bibi amekaa katikati yao kwenye mkeka, anachambua mboga ya pwani.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mgeni," akasema yule anayetwanga.

Bibi akainua uso. "Ni wewe."

"Shikamoo, bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Umenenepa. Mueda mnakula nini?"

"Muhogo."

"Unaonekana."

Mwanamke wa kinu akauliza, kwa sauti ya heshima, "Bibi, huyu ni nani?"

"Huyu alikuwa jirani yangu."

Nikaketi. Nikaambiwa habari zao: ni watu wa upande wa Pundanhar, walitangatanga muda mrefu, wakafika hapa hawana kitu. Bibi akawapa nyumba na sehemu ya bonde. Waliofuata baadaye, ndugu zao, wako nyumba za pili na tatu. Tekniko amekuja. Wanawake wametimia, tena wamezidi. Nilipopita juu nilikuwa nimeliona bonde lakini sikulitazama. Sasa nikageuza shingo, nikaona kijani mpaka kwenye mikoko.

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Aliangalia jembe langu, akaangalia mfuko, mchi ukasimama. "Dada," akasema, "nyumba hii ni yako?"

Mwanamume juu ya paa akaacha kushona. Bibi aliinamisha kichwa kwenye ungo, akachambua jani moja, akalirudisha, akalichambua tena. Nilimjua vizuri. Hatasema neno. Nikisema ndiyo, watu hawa watafunga vitu vyao kwa adabu na kurudi njiani, na ndugu zao watawafuata, na yeye atabaki na mimi. Naye alijua nilivyonyamaza kisimani, na nilivyomwacha peke yake bondeni. Moyo uliniuma, siwezi kuficha. Nilitaka aseme. Nilitaka aseme hata neno moja, huyu ni wangu, msogezeeni nafasi. Alichambua mboga.

"Hapana," nikasema. "Ya kwangu ilianguka zamani. Nilipita tu kumsalimia bibi, nakwenda Palma."

Mchi ukaanza tena. Wakanipakulia. Mwanamke aliniwekea sahani mbele yangu, akainama akaninong'oneza kwa wema kabisa: "Kula, dada, usiogope. Kuna watu waliitangaza kuwa ni sumu, sijui walikuwa na roho gani." Nikala. Ilikuwa laini, tui limekolea, ndimu inasikika kwa mbali. Ilikuwa tamu sana. Walikula wakizungumza wote kwa pamoja, na bibi alizungumza kuliko wote, akimsema mwanamume kwa ushonaji wake, nao wakacheka kabla hajamaliza, na yeye akawaacha wacheke.

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Nikajitwika mfuko. Jembe nililiegemeza kwenye ua, nikasema ni zito, nitalipitia siku nyingine. Bibi akanyoosha mkono, nikamwinua, akajifunga kapulana vizuri. Tukatoka. Tukapita nyumba yake, tukapita msikiti, tukapita kisima, yeye mbele, mimi nyuma. Miaka yote ile tuliyokaa pamoja hakuwahi kunisindikiza, maana sisi majirani tulikuwa tunaagana uani tu. Siku hiyo alinisindikiza mpaka njia panda.